Baromita ya nyumbani haina budi kurekebishwa kabla ya kuaminiwa

ANAYENUNUA kituo kidogo cha hali ya hewa na kukitundika ukutani bila kukirekebisha, hujinunulia mashaka. Baromita yake, yaani kifaa kinachopima mgandamizo wa hewa, inaweza kuonyesha tufani ilhali nje jua linawaka.

Sababu ya kwanza ni mwinuko. Katika usawa wa bahari, wastani wa mgandamizo ni hektopaskali 1013.25, nao hupungua kwa takriban hektopaskali moja kwa kila mita nane mtu anazopanda. Kwa hiyo, mkazi wa Dar es Salaam huhitaji marekebisho madogo tu, lakini Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, mgandamizo halisi huwa karibu na 860.

Ili vipimo vya miji hiyo viweze kulinganishwa, hubadilishwa kuwa vya usawa wa bahari. Katika baromita ya kielektroniki, mwenye nyumba huingiza mwinuko wa mahali alipo. Ile ya mshale hurekebishwa kwa bisibisi, kwa kuzungusha skrubu iliyo nyuma yake. Hata hivyo, nyingi za mshale hazikutengenezwa kwa ajili ya miinuko mikubwa, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kununua.

Kifaa kiwekwe ndani, mbali na jua na kiyoyozi, na kiachwe kwa siku moja kizoee joto la mahali hapo. Kisha kilinganishwe na kipimo cha usawa wa bahari kinachotolewa na kiwanja cha ndege kilicho karibu, kwa saa ile ile. Skrubu izungushwe kidogo kidogo, na ulinganisho urudiwe kwa siku kadhaa. Iwapo tofauti inabadilika kila siku, huenda kifaa ni kibovu.

Sababu ya pili ni mahali tulipo. Maneno kama "mvua" na "tufani" yaliyoandikwa kwenye vifaa vingi yalikusudiwa nchi za Ulaya. Karibu na ikweta, mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku: huwa juu yapata saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na chini yapata saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Kushuka huko kwa alasiri si dalili ya mvua. Linalostahili kuangaliwa ni tofauti na kipimo cha jana cha saa hiyo hiyo.

Aidha, baromita ya nyumbani haichukui nafasi ya tahadhari rasmi. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kuwatahadharisha wananchi kabla hakijafika. Mshale wa ukutani hupima hewa ya hapo ulipo tu. Hauwezi kuona kimbunga kilicho mbali baharini.