Ile Celeron ya Dola 149

Bei ya kitu na uwezo wake ni mambo mawili ambayo muuzaji angependa uyaone kuwa ni jambo moja. Wiki hii tuutazame mwaka 1998, pale kampuni ya Intel ya Marekani ilipoyatenganisha mambo hayo bila kukusudia, na wanunuzi wakagutuka.

Aprili mwaka huo Intel ilileta prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron. Prosesa, kwa asiyeijua, ndiyo chipu inayofanya hesabu za kompyuta. Celeron ya kwanza ilinyimwa lile ghala dogo la kumbukumbu ambalo wenzake walikuwa nalo karibu. Ilidharauliwa, na ilistahili. Tarehe 24 Agosti ikaja Celeron 300A, ya megahezi 300, kwa dola 149. Hii ilipewa ghala la kilobaiti 128 ndani ya chipu yenyewe, likienda mwendo uleule wa prosesa. Kaka yake tajiri, Pentium II, alikuwa na kilobaiti 512, lakini zilikaa nje ya chipu na kwenda nusu ya mwendo. Siku hiyohiyo ilitangazwa Pentium II ya megahezi 450, kwa dola 669.

Hapo ndipo penye utamu. Ubao mkuu wa kompyuta ulipiga mapigo ya megahezi 66, na Celeron hiyo iliyazidisha mara nne na nusu, ikapata 300. Kizidisho kilikuwa kimefungwa kiwandani, maana walaghai walikuwa wakifuta maandishi ya chipu za polepole na kuziuza kama za kasi. Lakini mapigo ya ubao hayakufungwa. Weka 100 mahali pa 66, zidisha kwa nne na nusu: 450! Kwa ubao kama Abit BH6, kazi yote ilikuwa kuchagua namba kwenye skrini. Wenye mbao nyingine waliziba kijiguso kimoja cha prosesa, B21, kwa kipande cha utepe, na ubao ukadanganyika.

Je, mwenye hofu angeongeza kidogo tu, kutoka 66 hadi 83, apate kama megahezi 375? Inaonekana ndiyo busara. La hasha! Mapigo hayo ndiyo pia yaliyoendesha kadi na diski, baada ya kugawanywa. 66 kwa mbili ni 33, ndicho kipimo chao halali. 100 kwa tatu ni 33 vilevile. Lakini 83 iligawanywa kwa mbili, ikatoa zaidi ya 41, na hapo diski ingeweza kuharibu mafaili ya mtu huku prosesa yenyewe ikiwa haina hata homa. Mwoga alijiponza kuliko jasiri.

Si kila chipu ilifika 450. Nyingine zilikubali kwa volti 2 za kawaida, nyingine zilitaka ziongezwe kidogo, na volti zikipanda joto hupanda kwa kasi zaidi, hivyo feni kubwa ilikuwa lazima. Nyingine zilikataa kabisa, na mwenye nazo akarudi kwenye 300 aliyoilipia. Hakuwa na wa kumlalamikia. Dhamana ilikuwa ya 300. Lakini waliofaulu walikuwa wengi mno kuitwa wenye bahati. Chipu zilikuwa nzuri kuliko maandishi yake, kwani soko lilitaka za bei rahisi, na kiwanda kiliandika kilichohitajika sokoni.

Intel haikusahau. Mwaka 2011 ilitoa prosesa ambazo mapigo yake yaliendesha karibu kila kitu, hivyo mtu hakuweza kuyapandisha ila kwa asilimia chache. Mlango wa nyuma ukawa umezibwa. Wa mbele ukafunguliwa kwa malipo: Core i5-2500 ilitangazwa kwa dola 205, na pacha wake mwenye herufi K, aliyefunguliwa kizidisho, dola 216. Ruhusa ambayo mwaka 1998 ilipatikana kwa kipande cha utepe ilikuwa sasa na bei yake, dola 11.