Mwanza: kufika na kuzunguka jijini

Mwanza ni jiji lililo kusini mwa Ziwa Victoria, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na ndicho kitovu cha safari za Kanda ya Ziwa kwa meli, basi, reli na ndege. Kiutawala lina halmashauri mbili: Jiji la Mwanza, lililo katika Wilaya ya Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela iliyoanzishwa 2012. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa wakazi wa pande hizo mbili kwa pamoja wamepita milioni moja. Wenyeji wa eneo ni Wasukuma, lakini mjini utawakuta Wakerewe, Wahaya, Wajita, Wakurya, Waha na jamii za Kihindi na Kiarabu zilizokaa hapa vizazi vingi.

Anayetaka kuelewa njia za Mwanza aanze na maji. Jiji limekaa ukingo wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, mkono mrefu wa ziwa unaoingia nchi kavu kuelekea kusini. Ng'ambo ya pili ni Sengerema, na nyuma yake Geita, Chato na Kagera. Nyuma ya mji imesimama milima ya mawe makubwa yaliyopandiana, ambayo huacha mabonde machache tu ya kupitisha barabara. Ziwa upande mmoja na mawe upande mwingine: kila njia ya kuingia na kutoka imelazimika kukubaliana na vitu hivyo viwili.

Njia za zamani

John Hanning Speke alifika eneo hili mwezi Agosti 1858 akitokea Tabora kwa miguu, akafuata njia ambayo misafara ya wafanyabiashara ilikuwa ikiitumia kabla yake. Wajerumani walijenga kituo chao hapa 1892. Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya hapo, Mwanza haukuwa na reli ya kuufikisha kwenye pwani ya nchi yake. Reli ya Uganda iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu 1901, na tangu hapo ngozi na pamba za Usukuma zilipakiwa melini Mwanza, zikashushwa Kisumu, zikaendelea kwa treni hadi Bahari ya Hindi. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928, wakati Wajerumani walikuwa wameshaondoka na Tanganyika iko chini ya Waingereza.

Historia hiyo ilijirudia kwa barabara. Hadi mwishoni mwa karne ya 20, abiria wengi wa basi kati ya Mwanza na Dar es Salaam walipitia Kenya: Musoma, mpaka wa Sirari, Nairobi, mpaka wa Namanga, Arusha, ndipo Dar. Raia wa Tanzania alibeba hati ya kusafiria ili atoke mkoa mmoja wa nchi yake aende mwingine, kwa sababu barabara ya Dodoma, Singida na Nzega ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope zito wakati wa masika. Kukamilika kwa lami katika njia hiyo miaka ya 2000 ni miongoni mwa mambo makubwa kabisa yaliyowahi kufanyika kwa ajili ya watu wa Kanda ya Ziwa, na vijana wanaopanda basi leo hawana budi kuwauliza wazazi wao safari ile ilikuwaje.

Kufika kwa basi, treni na ndege

Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilomita 1,150 kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria yalipigwa marufuku kutembea usiku, hivyo yalitoka Dar alfajiri na kukimbizana na jua. Serikali iliruhusu tena safari za saa 24 mwaka 2023, na sasa msafiri anaweza kuondoka jioni na kuamkia Usukumani. Mabasi ya Arusha kwa kawaida huzunguka kupitia Babati, Singida na Nzega. Nauli za mabasi husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Tiketi ikatwe ofisini au kwa mtandao, si mikononi mwa wapiga debe wa getini.

Jambo la kuuliza kabla ya kupanda ni stendi. Stendi ya Nyegezi, kusini mwa jiji, hupokea mabasi ya Shinyanga, Tabora, Dodoma na Dar es Salaam, pamoja na yale ya Geita na Kagera. Nyamhongolo, upande wa mashariki katika Manispaa ya Ilemela, iko kwenye barabara ya Musoma na ndiyo ya watu wa Mara, Simiyu na mpaka wa Kenya. Kati ya stendi hizo mbili ni mwendo mrefu kukatiza mji mzima, na mgeni anayeshuka moja akiwa na tiketi ya kuondokea nyingine ajipe muda wa kutosha, hasa jioni.

Treni ya reli ya kati hutoka Dar es Salaam, hufika Tabora, na hapo mabehewa ya Mwanza huachana na yale ya Kigoma. Ni safari ya siku mbili kasoro. Wanaoipanda ni wenye mizigo mingi, wenye familia, na wale wanaotaka kulala wamejinyoosha katika daraja la pili la kulala. Vyakula hubadilika kila stesheni, na asali ya Tabora hununuliwa dirishani. Reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma 2024. Wapo wanaoipanda hadi Dodoma kisha kumalizia kilomita kama 700 zilizobaki kwa basi. Kipande cha Mwanza hadi Isaka kiliwekewa jiwe la msingi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Juni 2021 huko Fela, wilayani Misungwi.

Kwa ndege kutoka Dar es Salaam ni kama saa moja na nusu, na mashirika ya Air Tanzania na Precision Air ndiyo yanayojulikana zaidi kwenye njia hii. Uwanja wa ndege uko Ilemela, kaskazini mwa mji, ukingoni mwa ziwa. Barabara ya Makongoro huuunganisha na katikati ya jiji kupitia Pasiansi na Kirumba. Teksi, bajaji na daladala zote zipo. Ukitua, jaribu kukaa upande wenye dirisha. Mawe ya Mwanza huonekana vizuri zaidi kutoka juu, yakishuka hadi majini na kuibuka tena kama visiwa.

Meli

Bandari ya Kaskazini, hatua chache kutoka katikati ya mji, ndiyo ya abiria. Bandari ya Kusini, upande wa Igogo, ni ya mizigo na mabehewa ya treni. Kutoka hapo meli ya MV Umoja huvusha mabehewa kuelekea Uganda na Kenya bila kushusha mzigo. Zamani meli za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki ziliuzunguka ukanda wote wa ziwa, na mtu alikata tiketi Mwanza akashuka Kisumu au Port Bell. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 meli ziligawanywa kati ya nchi tatu, na safari hizo za mzunguko zikafa.

Meli iliyobaki na jina kubwa ni MV Victoria. Iliundwa Scotland, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi 1961. Baada ya ukarabati mkubwa ilirejea majini 2020 ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, yenye nafasi ya abiria 1,200. Huondoka Mwanza usiku, hupitia Kemondo, na hufika Bukoba asubuhi. Meli mpya kubwa zaidi, MV Mwanza, iliyoundwa hapahapa jijini, ilishushwa majini Februari 2023. Ilikusudiwa kubeba abiria 1,200, mizigo tani 400 na magari.

Haiwezekani kuandika kuhusu meli za Mwanza bila kuitaja MV Bukoba. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba na Kemondo, ilipinduka na kuzama jiji likiwa linaonekana. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800, na idadi kamili haikujulikana kwa kuwa abiria wengi hawakuwa kwenye orodha yoyote. Wengi walizikwa Igoma, mahali penye mnara wa kumbukumbu, na kila tarehe 21 Mei familia huenda huko. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora kwenda Kisiwa cha Ukara, kilipinduka kikiwa kimekaribia gati. Kilisajiliwa kubeba watu 101. Walikufa 228.

Katika ajali zote mbili watu walizidi uwezo wa chombo. Kwa sababu hiyo msafiri wa ziwa anayo haki, na mimi nasema ana wajibu, wa kuandikisha jina lake halisi kwenye tiketi, kuuliza jaketi za kujiokolea ziko wapi, na kushuka akiona chombo kimejaa kupita kiasi. Meli nyingine itakuja. Hili lina uzito zaidi kwenye mitumbwi ya injini inayobeba watu na bidhaa kati ya mialo na visiwa vidogo, ambako mara nyingi hakuna orodha wala jaketi. Wavuvi wenyewe huchagua saa zao kwa kutazama upepo, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri maalumu wa ziwa. Mgeni asiwashawishi waondoke walipoamua kungoja.

Kuvuka ghuba

Kwa miaka mingi aliyetaka kwenda Sengerema, Geita au Bukoba kwa barabara alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kivuko cha Kamanga, kinachoondokea katikati ya mji karibu na Mwamba wa Bismarck. Ya pili ilikuwa kivuko cha Kigongo–Busisi, kusini, baada ya Usagara. Huko Kigongo foleni ya malori na mabasi ilisimama saa nyingi, na magari ya wagonjwa waliokuwa wakikimbizwa Hospitali ya Bugando yalingoja ukingoni pamoja na mengine. Machungwa, karanga na samaki wa kukaanga viliuzwa dirishani siku nzima.

Daraja la J.P. Magufuli limeondoa foleni hiyo. Ujenzi ulianza chini ya Rais John Pombe Magufuli, aliyeweka jiwe la msingi Desemba 2019, na Rais Samia alilizindua tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa kilomita 3 na gharama yake ilizidi shilingi bilioni 700. Gari huvuka kwa dakika chache. Kwa abiria wa Geita na Kagera, hakuna badiliko la usafiri kubwa kuliko hili tangu lami.

Hata hivyo Kamanga bado ina kazi. Mkazi wa Sengerema mwenye shughuli mjini akizunguka kwa daraja atashika kilomita nyingi za ziada, ilhali kivuko kitamshusha umbali wa kutembea hadi sokoni. Abiria wa miguu huingia kwanza, wakiwa na kuku waliofungwa miguu, madumu ya mafuta na magunia ya mihogo. Kisha magari hupangwa kwa karibu mno hivi kwamba dereva hupata taabu kufungua mlango. Safari ni kama nusu saa. Kwa mgeni ambaye hana muda wa kwenda visiwani, kwenda na kurudi Kamanga ndiyo namna rahisi kabisa ya kuliona jiji kutoka majini.

Ndani ya jiji

Barabara kuu ni tatu. Kenyatta huelekea kusini hadi Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa. Nyerere huelekea mashariki kupitia Mabatini, Buzuruga na Igoma hadi Kisesa. Makongoro huelekea uwanja wa ndege. Daladala hufuata mistari hiyo, na jina la mwanzo na mwisho wa njia huandikwa mbele ya gari. Kwa kuwa njia zote tatu hukutana katikati ya mji, gari moja likiharibika kwenye mzunguko mji wote hukwama. Barabara ya Usagara–Kisesa imesaidia, kwa vile malori ya Musoma na Shinyanga hayalazimiki tena kupita mjini.

Daladala haipandi milimani. Kwenye makazi yaliyojengwa juu ya mawe, kama sehemu za Igogo, Mabatini na Isamilo, mtu hushuka barabarani na kumalizia kwa ngazi zilizochongwa au kwa vichochoro vya kupita mtu mmoja mmoja, mkono ukishika jiwe. Bodaboda hufika pale njia inapoishia. Bei ya bodaboda na bajaji hupatanwa kabla ya kupanda, na kofia ngumu idaiwe hata kwa safari fupi.

Kisiwa cha Saanane, kilichopewa jina la mzee aliyekuwa akiishi hapo na kufanywa Hifadhi ya Taifa 2013, hufikiwa kwa boti kutoka karibu na Capri Point kwa muda wa kama robo saa. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yako Kisesa, kama kilomita 18 kutoka mjini. Daladala ya Kisesa hukushusha barabarani na pikipiki humalizia. Ukerewe ina njia mbili: meli hadi Nansio, au barabara ya Musoma hadi Bunda, kisha Kisorya na kivuko cha kwenda Rugezi. Ya pili ni ndefu, lakini hupita karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, na pundamilia huonekana kando ya lami.

Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, huchangamka kuanzia alfajiri, dagaa wakishushwa kwa magunia kutoka visiwani. Viatu vya kufunika miguu vinafaa zaidi. Maji ya ukingoni yana kichocho, hivyo asiyejua mahali salama asiingie kuoga; aliyekwisha kuingia apime hospitali baada ya wiki kadhaa, kwani ugonjwa huu una dawa na hutibika.