Mtemi Aombaye Kura

Msafiri wa zamani aliyetoka pwani, akishavuka pori la Mgunda Mkali ambalo wapagazi waliliogopa kwa kiu yake, aliingia Unyamwezi kwa kupitia Tura, akalala Kigwa, na baada ya siku chache akafika Kaze, palipo Tabora ya leo. Nchi hiyo ya Tura na Kigwa, yenye misitu ya miyombo na mizinga ya nyuki, sasa imo katika jimbo la uchaguzi la Igalula, lililochukua jina la kituo cha reli kilicho mashariki ya mji; na kila mwaka wa uchaguzi watu wake husikia wagombea wakiamkia "Mwangaluka", kisha wakijieleza kwa nasaba kabla hawajataja haja iliyowaleta.

Zama za misafara hapakuwa na mtu aliyeuomba utawala namna hiyo. Mtemi, ambaye cheo chake wenyeji hukitoa katika kutema, yaani kukata miti ya kufungua nchi na kukata mashauri ya watu, aliteuliwa na wazee kutoka ukoo wa kitemi, na miongoni mwa alama za enzi yake kilikuwamo kisahani cheupe kilichochongwa katika gamba la kombe la baharini: kitu kidogo, laini, chenye kuenea kiganjani, kilichofika huko kwa mzigo wa mpagazi baada ya mwendo wa miezi. Hata hivyo nasaba peke yake haikumlinda mtu. Mnywa Sele, aliyerithi kiti cha Unyanyembe, nchi ya Tabora hiyo, baada ya Fundikira wa kwanza, alitaka wafanyabiashara wa Kiarabu watoe ushuru, nao wakamwondoa na kumtawaza Mkasiwa. Na Isike, aliyepigana na Wajerumani, aliona ni heri kuiwasha baruti ya ghala lake, Januari 1893, kuliko kulisalimisha boma.

Katika ukoo huo wa watemi wa Unyanyembe alizaliwa Abdallah Said Fundikira mwaka 1921. Alisoma Tabora, kisha akajifunza kilimo Makerere, akarejea kutumika kabla ya kukalia kiti cha wazee wake. Lakini kiti kile hakikuwa tena kile cha Isike, kwani chini ya Waingereza mtemi alikula mshahara wa serikali na kutekeleza amri zilizoandikwa Dar es Salaam. Kwa rai yangu, hapo ndipo ilipo sababu ya mtemi kujitoa kuomba kura: mwenye kuitakia heri ardhi ya watu wake hana budi aende mahali sheria ya ardhi inapotungwa.

Mlango ulifunguliwa Tabora penyewe, Januari 1958, katika mkutano wa chama cha TANU uliojadili uchaguzi wa kura tatu, ambazo kila mpiga kura angelazimika kuzigawa kwa Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi waliliona sharti hilo kuwa fedheha, na haikuwa chuki tupu kuliona hivyo. Mwalimu Nyerere akawasihi wajumbe wakubali kuingia katika uchaguzi, nao wakakubali, na azimio likaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitenga na kuunda chama chake cha Congress. Kwa uchaguzi huo Mtemi Fundikira aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na Julai 1959 akawa waziri, akikabidhiwa mambo ya ardhi.

Jambo linaloniuma katika habari hii ni daftari la wapiga kura. Aliyetaka kuandikwa alipaswa kuwa na pato la pauni 150 kwa mwaka, au kisomo cha kutosha, au cheo fulani. Kwa hiyo karani wa reli na mwalimu waliandikwa, bali mjukuu wa mpagazi wa Tura, ambaye babu yake aliibeba begani pembe ya ndovu mpaka Bagamoyo, alisimama kando akitazama wengine wakimchagulia. Huyo alingoja hadi Novemba 1962, Tanganyika ilipomchagua Rais kwa kura ya kila mtu mzima, na mbele yake yakawekwa majina mawili, Nyerere na Mtemvu. Mwaka uliofuata utemi ulifutwa, na Fundikira akaondoka katika baraza la mawaziri. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, alikuwa na umri wa miaka 71, naye akajitokeza tena, akiongoza chama cha UMD.