Mgunga wa Mtaa wa Kimathi

Huku kwetu Nyumba ya Mungu, ukisema unakwenda hotelini watu wanajua unakwenda kula. Banda la mabati, mabenchi mawili, ubwabwa na perege wa bwawani, basi. Ndiyo maana niliposikia kwamba Nairobi kuna hoteli ambayo wakubwa wa dunia hunywa kahawa chini ya mgunga, nilicheka. Mgunga! Mti huu sisi si tunachomea mkaa?

Kumbe ni kweli, ndugu msomaji. Hoteli yenyewe ni Stanley, na mkahawa wake huitwa Thorn Tree, yaani Mti wa Miiba. Aliyeianzisha hoteli ni mwanamke, Mayence Bent, mwaka 1902, Nairobi ikiwa bado kituo cha reli chenye matope. Mwaka 1905 ikaungua. Mama yule akahamia jengo jingine, na mwaka 1913 New Stanley ikafunguliwa pale ilipo mpaka leo. Mwaka 1947 akainunua Abraham Block.

Mkahawa ulifunguliwa 1959, mgunga ukiwa katikati. Hakukuwa na simu za mkononi, hivyo msafiri aliyempoteza mwenzake aliandika kikaratasi akakibandika kwenye shina. Mwenzake akipita, wiki ijayo au mwezi ujao, anakikuta. Wenye ndoto za kuandika riwaya kama mimi tujiulize ni visa vingapi vilianzia kwenye gome lile. Hemingway naye alikuwa mgeni wa hoteli hii. Mti ulioko sasa ni wa tatu, ulipandwa 1998.

Ghorofani kuna baa iitwayo Exchange. Imepambwa irudi zamani: viti vya ngozi, mbao zilizong'arishwa, picha za kale, na mapangaboi ya kizamani yanayopunga taratibu kama mkono wa mtumishi. Jina lake halikutoka hewani. Madalali wa hisa walikuwa wakikutana hapo kwenye kahawa kufanya biashara, na mwaka 1954 Soko la Hisa la Nairobi likaundwa rasmi.

Hapo ndipo mimi huchoka na mapambo. Mwaka huohuo 1954, mwezi Aprili, jeshi la Waingereza liliuzingira mji wa Nairobi na kukamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, likawapeleka kambini. Hisa nazo zilikuwa za Wazungu. Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kuzinunua mpaka baada ya uhuru. Kwa hiyo ngozi ya viti imerudishwa, pangaboi limerudishwa, lakini yule aliyebeba sinia huku akisikia bei za hisa asizoweza kununua, yeye amerudishwa wapi? Sisemi vitu vya kale vitupwe, la hasha. Nasema fundi akishamaliza kupaka vanishi, mwandishi ndiyo kwanza aanze kazi.

Bahati nzuri barabara zenyewe zilibadilishwa majina. Hoteli ilikuwa kwenye kona ya Hardinge Street na Delamere Avenue. Leo ni kona ya Mtaa wa Kimathi na Kenyatta Avenue. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, na tarehe kama hiyo mwaka 2007 sanamu yake ilizinduliwa kwenye mtaa huohuo. Ukitoka Thorn Tree unafika kwa miguu, kahawa haijakutoka mdomoni. Amesimama, bunduki mkono mmoja, kisu mkono wa pili.