UZI: Asilimia 84 walisema basi. Mbona Ulaya bado inabadilisha saa?

Kila mwisho wa Oktoba swali ni lile lile. Mtu amezoea mechi za Jumamosi za EPL kuanza saa kumi na moja jioni, halafu wiki moja anafika kwa kibanda cha mpira anaambiwa bado saa nzima. Kule Uingereza mechi imeanza saa tisa yao ile ile. Ni saa yao ndiyo imerudishwa nyuma, sisi hatujagusa kitu.

Chini ya posti kama hizo hakosi mtu wa kuandika "si waache tu!", na mwingine wa kujibu kwamba hata sisi tungefanya hivyo tuokoe stima. Hoja zote mbili nimezisikia hadi kwenye mijadala ya wakubwa. Wacha niandike yote mahali pamoja. Kama kawaida hapa hatutaji mwanasiasa wala chama, wa huku wala wa kule. Na saa zote nazihesabu kwa Kiswahili, saa moja ya asubuhi ikiwa saa moja.

Wazo lenyewe halikuanzia serikalini. Mwaka 1895 George Hudson, karani wa posta New Zealand aliyependa kukusanya wadudu, alipendekeza saa zisogezwe mbele kwa saa mbili majira ya joto. Alitaka mwanga baada ya kazi, awashike wadudu wake. Mwaka 1907 mjenzi wa nyumba huko Uingereza, William Willett, akachapisha kijitabu chake mwenyewe. Alikuwa akipanda farasi alfajiri na kuona madirisha ya watu yamefungwa huku jua limeshatoka zamani. Mpango wake ulikuwa wa ajabu kidogo: dakika 20 kila Jumapili, Jumapili nne za Aprili, jumla dakika 80. Bunge lilimzungusha miaka na miaka. Alikufa 1915, bila kuiona hata dakika moja ikisogezwa.

Mwaka mmoja baadaye vita vikafanya kile ambacho kijitabu kilishindwa. Ujerumani ilisogeza saa zake tarehe 30 Aprili 1916 ili kupunguza makaa ya mawe yanayotumika kuwasha taa. Uingereza ikafuata wiki tatu baadaye, Marekani 1918.

Hapa kuna uongo mmoja unaorudiwa sana: eti ni wakulima waliotaka. Kumbe wakulima wa Marekani ndio waliopinga zaidi. Ng'ombe hajui saa. Umande haukauki mapema kwa sababu kuna sheria, lakini gari la maziwa na vibarua wanafuata saa ya mjini. Mwaka 1919 bunge lao liliifuta sheria hiyo licha ya kura ya turufu ya rais. Baada ya hapo kila mji ukajiamulia, mpaka kukawa na basi kati ya Ohio na West Virginia ambalo kwa safari ya maili 35 abiria aliyetaka kwenda na wakati ilimbidi abadilishe saa yake mara saba. Sheria ya kuweka utaratibu mmoja ilikuja 1966.

Sasa tuje kwa wale wanaosema "waache tu". Swali ni waache na kubaki na saa gani? Hapo ndipo nchi kadhaa zilizojaribu zimekwama.

Marekani ilijaribu. Mafuta yalikuwa yameadimika, na Januari 1974 wakaingia kwenye saa za majira ya joto mwaka mzima, kwa majaribio ya miaka miwili. Mwezi Desemba kura za maoni zilionyesha karibu watu 8 kwa kila 10 wanaunga mkono. Halafu Januari yenyewe ikafika. Jua la Washington lilichomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi. Watoto walisimama barabarani gizani wakisubiri basi za shule, wengine wameshika tochi. Huko Florida watoto kadhaa waligongwa na magari kabla ya mapambazuko. Kufikia Februari wanaounga mkono walikuwa 4 kwa kila 10, na Oktoba mwaka huo huo bunge likarudisha saa za kawaida kwa miezi ya baridi. Majaribio ya miaka miwili hayakumaliza hata mwaka.

Uingereza ilikuwa imeshapitia hayo. Kuanzia 1968 hadi 1971 ilikaa saa moja mbele mfululizo. Kaskazini mwa Scotland jua la Desemba lilikuwa linakaribia saa nne asubuhi kabla ya kuonekana. Bunge lilipoulizwa Desemba 1970, 366 walitaka kuacha na 81 kuendelea.

Hapa nitulie kidogo, kwa sababu ndipo siasa yenyewe ilipo. Takwimu za Uingereza za miaka ile zinaonyesha ajali za asubuhi ziliongezeka, lakini za jioni zikapungua zaidi. Ni kweli sheria ya kupima pombe madereva ilikuwa imeanza 1967, kwa hivyo hesabu haijatakata kabisa. Lakini fikiria. Mtoto aliyegongwa asubuhi gizani ana jina, ana mama, ana picha gazetini. Mtu ambaye angegongwa jioni lakini kukawa na mwanga akaonekana, huyo hajijui. Alifika nyumbani akala akalala. Hawezi kuandamana, hawezi kumpigia simu mbunge wake. Mimi siwalaumu wabunge waliopiga kura ile, na ningekuwa mzazi wa Scotland ningewasumbua mpaka wapige. Ila tusijidanganye kwamba ilikuwa hesabu ya maisha ya watu wote.

Urusi ilipita njia hiyo hiyo: 2011 ikabaki na saa za majira ya joto daima, watu wakachoka na asubuhi za giza, 2014 ikageuka na kubaki na saa za kawaida daima.

Tufike kwa ile asilimia 84. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya ilifungua ushirikishwaji wa umma mtandaoni. Majibu yalikuwa milioni 4.6, mengi kuliko uliotangulia wowote, na asilimia 84 walitaka kubadilisha saa kukome. Inavutia. Lakini karibu milioni 3 ya majibu hayo yalitoka nchi moja, Ujerumani, na Umoja wa Ulaya wote ulikuwa na watu zaidi ya milioni 500. Sisi tunaojua vikao vya maoni ya umma tunajua aliyekuja kikaoni si lazima awe amemwakilisha aliyebaki shambani.

Hata hivyo tume ilipeleka pendekezo, na Machi 2019 Bunge la Ulaya likapitisha kwa kura 410 dhidi ya 192 kwamba mabadiliko yaishe 2021. Kila nchi ingechagua yenyewe: saa za majira ya joto daima, au saa za kawaida daima.

Na hapo ndipo gurudumu lilizama kwenye matope. Poland na Uhispania ziko kwenye saa moja ingawa zimetenganishwa na safari ndefu ya jua. Mkichagua majira ya joto daima, mji wa Vigo magharibi mwa Uhispania utangoja jua hadi baada ya saa nne asubuhi wakati wa baridi. Mkichagua saa za kawaida, Warsaw mwezi Juni itapambazukiwa saa tisa na robo usiku. Kila mtu achague yake? Basi kisiwa cha Ireland kingeweza kuwa na saa mbili, mpaka ukiwa katikati ya mashamba ya watu. Ureno ilikataa wazi. Ilikuwa imejaribu saa za Ulaya ya kati kati ya 1992 na 1996, ikaona watoto wake wakienda shule usiku. Mawaziri wa nchi wanachama hawakukubaliana. 2021 ikaja, ikapita, saa zikaendelea kuzunguka.

Marekani nako, Machi 2022 Seneti ilipitisha mswada wa majira ya joto mwaka mzima bila hata mmoja kupinga. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura.

Kwa hivyo asilimia 84 walikubaliana juu ya kitu wasichokitaka. Hawakukubaliana juu ya wanachokitaka, na kura ile haikuweza kuwaunganisha hapo. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanasema kama ni kuacha, mbaki na saa za kawaida, kwa sababu mwili unahitaji mwanga wa asubuhi. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2008 uliona mshtuko wa moyo ukiongezeka kwa takriban asilimia 5 wiki ya kwanza baada ya saa kusogezwa mbele. Wenye maduka na viwanja vya gofu wanataka jioni ndefu. Mimi nawaamini wa usingizi, lakini naelewa kwa nini mwanasiasa anaahidi jioni: hakuna anayepigiwa makofi kwa kuahidi jua kuzama mapema.

Na ile hoja ya stima? Jimbo la Indiana liliingia zima kwenye mfumo huu 2006, watafiti wakalinganisha bili za nyumba. Matumizi yalipanda kwa karibu asilimia moja. Taa zilitumika kidogo, lakini mashine za kupoza hewa zikala zaidi. Misri ilirudisha mabadiliko 2023 kwa sababu ya nishati, kwa hivyo hoja haijafa.

Kwetu ni rahisi zaidi. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, na kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka tofauti ni dakika chache tu. Hakuna mwanga wa ziada wa kuhamisha. Ndiyo maana hata Kiswahili kinaweza kuhesabu saa kutoka alfajiri na kikabaki sawa mwaka mzima. Jaribu hesabu hiyo Scotland uone.

Lakini msidhani saa yetu ilishuka kutoka mbinguni. Kuanzia 1937 Kenya ilikuwa saa mbili na dakika 45 mbele ya Greenwich. Mwaka 1942, wakati wa vita, ikasogezwa hadi saa tatu kamili, na hapo tukabaki. Ukifuata jua lenyewe, Nairobi ingestahili kama saa mbili na dakika 27. Yaani tunaishi zaidi ya nusu saa mbele ya jua letu, kila siku, na adhuhuri ya kweli Nairobi huwa karibu saa sita na nusu. Kutoka Mandera hadi Busia jua lenyewe linachelewa karibu nusu saa nyingine. Mtoto wa Busia anayeamka saa kumi usiku kuwahi shule anabeba uamuzi wa 1942, na sijasikia mjadala hata mmoja ukimtaja.

Jirani ameshafanya uamuzi wake. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa moja, karibu kabisa na jua la Juba. Madereva wa malori wa kutoka Mombasa walijifunza haraka.

Wa kazi za mtandaoni, hili ni lenu. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho, kwa hivyo kuna wiki mbili au tatu ambazo hata wao kwa wao hawapatani. Mwaka mmoja niliingia kikao cha mteja wa New York saa kumi na moja jioni kama kawaida. Kilikuwa kimeanza saa kumi. Kazi alipewa mwingine.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba Ulaya inarudisha tena. Mechi ya saa kumi na moja itakuwa saa kumi na mbili.