Vielezi vya wakati ujao katika Kiingereza

Vielezi vya wakati ujao katika Kiingereza ni maneno au mafungu ya maneno, kama *tomorrow*, *next week* na *in two days*, yanayoonyesha kuwa tendo bado halijafanyika. Vina kazi kubwa, kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi cha wakati ujao kama -ta- ya Kiswahili. Neno *will* hutangulia kitenzi, lakini mara nyingi huachwa. *The train leaves at six tomorrow* ni sentensi ya wakati uliopo kwa umbo. *Tomorrow* ndiyo inayoipeleka mbele. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alishikilia kwamba Kiingereza hakina njeo ya wakati ujao.

Wasemaji wa Kiswahili hutatizwa zaidi baada ya *when*, *until* na *as soon as*. Sisi husema "atakapofika", ilhali Kiingereza hukataa *will* hapo: *when she arrives*. *By* na *until* nazo huchanganywa, maana zote hufasiriwa "hadi" au "mpaka". Ripoti inayotakiwa *by Friday* yaweza kuletwa hata Jumatano. Duka lililofungwa *until Friday* halifunguki Jumatano.

*Next Friday* huwagonganisha hata Waingereza wenyewe. Ikitamkwa Jumatatu, wengine huelewa Ijumaa ya wiki hiyohiyo, wengine ile ya wiki inayofuata. Anayetaka kukwepa utata husema *this Friday* kwa ya kwanza na *a week on Friday* kwa ya pili.