Wapangaji wa Kaloleni

Mji wa Nairobi ulizaliwa na reli mnamo 1899, na tangu mwanzo mtawala alimhesabu Mwafrika kuwa mgeni ndani yake. Kilichotakiwa kwake ni nguvu za mikono tu. Tangu 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, na makao aliyopewa mara nyingi yalikuwa chumba cha kulaza wanaume wengi pamoja, pasipo nafasi ya mke wala mtoto. Asiye na mlango wake atasemaje kwamba yuko kwake?

Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa na Baraza la Manispaa katika miaka ya 1940, ulileta jambo jipya. Nyumba zake zilikusudiwa familia, nao mtaa ukapewa viwanja na jumba la mikutano. Tusidhani kuwa huo ulikuwa ukarimu mtupu. Migomo ya Mombasa ya 1939 ilikwisha kuwaonya watawala kwamba mfanyakazi asiye na makao mema hatulii.

Hata hivyo, nyumba hazikuwa mali ya wakazi. Walikuwa wapangaji tu. Wengi wao walizidi kutuma fedha kwa wazee mashambani, na msiba ulipotokea walichanga ili maiti akazikwe kwao. Lakini jirani aliyechanga huenda hakuwa wa kabila la marehemu, na lugha iliyowapatanisha barazani ilikuwa Kiswahili. Hivyo mtu alikuwa na kwao kuwili, wala kumoja hakukufuta kwingine.

Tarehe 23 Aprili 1950 jumba la mtaa huo lilishuhudia jambo kubwa. Katika mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na chama cha Wahindi, Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, alidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata yeye na Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh hakufunguliwa hadi 1961.

Twajifunza nini? Mtawala alijenga mtaa ili apate wafanyakazi watulivu. Wapangaji wakaupatia taifa ukumbi wa kudai uhuru. Uenyeji wao haukuandikwa katika hati yoyote ya ardhi. Waliupata kwa kuzikana, kusemezana na kusimama pamoja. Nalo jina la Kaloleni, kwa wajuao kwamba kulola ni kutazama, lasikika kama mwito: kaoneni.